Saruni ya Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Kampung Sagan,
Yogyakarta.
15 Julai 2019

Mpendwa mdogo wangu Palupi,

Habari za huko Leiden? Kifua kimeacha kukusumbua? Vaa soksi. Sisi ni wazima, ila goti langu linauma nikipanda ngazi, basi najifanya sina haja na ghorofani.

Kitabu chako kuhusu kiwanda cha sukari cha Klaten kimefika, na kila mtu anakizungumzia. Nasema wazi: nimekuonea wivu hadi nikakosa hamu ya kula. Miaka ishirini nahakiki vitabu vya watu vya historia na siasa, kila Jumapili, robo ukurasa. Nakata kipande cha gazeti, namtumia mchapishaji, naye ananitumia vitabu vingine nivihakiki. Cha kwangu hakuna. Na hadithi za babu yetu, Mbah Karto, nilizisikia mimi kabla wewe hujaota meno!

Mhariri aliponipa kitabu chako, sikumwambia kuwa wewe ni mtoto wa mama mdogo. Nilikisoma kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta kosa kama anayechambua mawe kwenye mchele. Kurasa mia na kumi na moja, hukukosea. Niliumia. Kisha ukurasa uliofuata: eti siku ya mgomo Mbah Karto aliziba king'ora cha kiwanda kwa saruni yake. Nilipiga meza kwa furaha. Siku hiyo babu alikuwa kitandani, shavu limevimba kwa jino!

Uhakiki wote nikaujenga juu ya saruni hiyo. Nikauliza, msomi huyu wa Ulaya ameokota wapi porojo hizi? Ulitoka Jumapili ya tarehe saba. Najua umeshausoma, ndiyo maana hupigi simu.

Juzi Jumamosi kilifanyika kikao cha kukichambua kitabu, kwenye ukumbi wa maktaba kule Klaten, na mchambuzi nilikuwa mimi. Nilizungumza nusu saa, watu wakaicheka saruni. Wakati wa maswali akanyoosha mkono Bude Sumarni, mama yetu mkubwa, kiboksi cha vitafunio mapajani. Unamjua anavyosoma, kwa kidole, neno kwa neno, mpaka bei iliyo kwenye jalada.

"Ning, mwanangu, mie sikusoma sana," akasema. "Lakini huku nyuma wameandika habari ya saruni imetoka kwenye barua ya Wahyuningsih, Machi 1998. Ndiye Wahyuningsih gani tena huyo?"

"Bude, hayo ni maelezo ya vyanzo tu, tutayaangalia baadaye."

"Baadaye lini, na kitabu ninacho mkononi? Kwani wewe hukufika huku nyuma?"

Sikuwa nimefika. Mimi, ninayewakaripia wahakiki wenzangu kila mwaka kwa kuruka kurasa za mwisho! Ndipo nikakumbuka. Mwaka ule ulikuwa mgeni Uholanzi, unalia kwa upweke, nikakutungia babu shujaa ili ucheke. Nawe ukaniamini.

Ningeweza kusema akina Wahyuningsih wamejaa Klaten nzima. Lakini Bude alikuwa ananitazama, lemper mkononi, ule wali uliofungwa kwa jani la mgomba, hajaimenya.

"Ni mimi, Bude," nikasema. "Uongo niliutunga mimi, halafu nikaucheka gazetini."

"Loo, Bu Ning!" mtu akapaza sauti kutoka viti vya nyuma. "Leo umejihakiki mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Leo asubuhi nimempelekea mhariri masahihisho yenye jina langu kamili. Yatatoka Jumapili. Nisamehe, mdogo wangu. Aibu imenipata, lakini wivu haujaniisha.

Nina ombi moja. Kitabu kikichapishwa tena, ifute saruni. Ila jina langu kule nyuma usilifute. Tafuta jambo lolote la kweli nililowahi kukuambia, uliweke hapo. Ni mahali pekee nilipo ndani ya kitabu.

Bude anakusalimu, anasema kitabu kizuri ila herufi ndogo. Mama naye anakusalimu. Msalimie shemeji Joost na umbusu mwanenu Sekar. Mungu akukinge na baridi ya huko, na akupe umri wa kuandika kingine, hata kama kitaniuma.

Wako akupendaye, pamoja na wivu wangu wote,

Wahyuningsih,
yule yule wa Machi 1998