Supu ya Kaa ya Chula, Hapa Kakuma

Jumatatu, 9 Machi 1998

Foleni ya maji tangu alfajiri. Bomba likakata kabla sijafika. Nimerudi na nusu ndoo na hasira tele. Mama hajala tena. Maharage ya jana yako palepale, yamefanya utando juu. Hana homa, hana tumbo, hana kikohozi. Hataki tu. Anakunywa chai ya rangi, anageukia ukuta.

Tulipohamishwa kutoka kambi ya pwani alifika hapa akiwa mzima. Alikuwa anapika mwenyewe, anachota bakuli anampelekea Nyandeng, jirani yetu Msudani. Nikamkataza. Mgao wenyewe kiganja, tuanze kulisha mtaa? Hapa si Chula, kisiwani kwetu. Jiko nikalishika mie, yeye apumzike. Badala ya kunenepa anakwisha.

Leo nikamuuliza kwa ukali, unataka nini hasa? Supu ya kaa, akasema. Ile yetu. Nilicheka mpaka nikalia. Kaa, Turkana! Hapa hata mto ni mchanga.

Jumatano, 11 Machi

Nimejaribu. Ngege mkavu kutoka soko la Wasomali, nikaloweka, nikaponda na miiba yake kama tunavyoponda magamba ya kaa. Ukwaju, thomu, pilipili, manjano. Harufu ilikuwa nzuri, wallahi. Nyandeng alipita nje, akasimama, akasalimu, akaondoka.

Mama akaonja kijiko kimoja. Akakirudisha. Si supu yetu hii.

Najua si yetu! Hamna kaa ndani! Nilikula peke yangu, kwa hasira, na ilikuwa tamu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimempeleka zahanati, nusu kumbeba. Amekuwa mwepesi. Bangili yake ya fedha, ile ambayo zamani haikutoka bila sabuni, imeteleza ikaanguka kwenye vumbi yeye akitembea. Hakuinama kuiokota. Nimeiokota mie, nimeivaa mie, isipotee.

Muuguzi kampima kila kitu. Haoni ugonjwa. Asipokula atakufa, mama, akaniambia, kana kwamba nimekuja kuuliza saa. Nikamjibu vibaya. Nilistahili kufukuzwa, ila hakunifukuza.

Naogopa. Baba tulimzika Chula. Kaka tulimwacha njiani, hatukumzika. Nikimzika Mama kwenye mchanga huu nitabaki na nani? Sina mtu mwingine anayejua jina la bibi yangu.

Jumapili, 15 Machi

Hirsi, dereva wa lori, kaniletea nazi moja kutoka Lodwar. Kuukuu, lakini tui limetoka. Nikarudia supu ya ngege, safari hii na tui zito. Mama alinusa. Macho yakamchangamka kidogo.

Si yetu, mwanangu.

Akiru alikuwa mlangoni kaleta kuni. Ni Mturkana, watu wake ni wavuvi kule Longech, kando ya ziwa. Akauliza mama mzee analilia nini. Nikamchorea kaa kwenye mchanga kwa kijiti. Akacheka mpaka kuni zikamwanguka. "Mama yako nakula hii mdudu? Ndugu yangu natupa kila siku!"

Wako ziwani! Wadogo, asema, wananasa kwenye nyavu, hawana kazi. Nimemkumbatia Akiru na shanga zake zote. Atatuma neno kwa ndugu yake alete samaki Lodwar, na hao wadudu chini ya samaki.

Mama alipoambiwa aliuliza kitu kimoja tu, mwezi uko wapi. Kweli, mwezi ndiyo kwanza unaanza kupungua. Kaa wa mbalamwezi ni gamba tupu. Mtu anakufa njaa bado anachagua kaa!

Alhamisi, 19 Machi

Hakuna neno kutoka ziwani. Mama sasa anaswali kwa kulala. Namlowesha midomo kwa uji. Anameza kwa kunionea huruma, nami naona.

Leo nimemwomba Mungu kwa sauti, nje, mchana kweupe. Watu wamenitazama. Watazame.

Jumanne, 24 Machi

Lodwar. Ruhusa ya kutoka kambini nimeipata kwa kulia, sikuigiza. Mama nimemwachia Akiru. Hirsi kanipakia juu ya magunia. Jua la Lodwar halina adabu, linakuingia hadi kwenye meno.

Nimekaa soko la samaki kutwa. Kila mwenye kapu nimemfunulia. Sangara, ngege, kambare. Ndugu yake Akiru hakuja. Akina mama wa pale wamenipa chai na wamenicheka, kwa wema. Wamenipa jina, ambalo nadhani ni la kaa.

Kama Mama amekufa nikiwa huku nikitafuta wadudu, sijui nitaishi vipi.

Jumatano, 25 Machi

Amekuja! Kijana mrefu, mkimya. Debe lililofunikwa gunia bichi la maji, na chini yake kaa. Wadogo, weusi, magando kama vidole vya mtoto. Nusu wamekufa. Waliokufa nimewatupa, kaa mfu hapikwi. Waliobaki wamenibana na nimefurahi kubanwa.

Hirsi alipoona akaruka. Haramu! Nikamwambia kwetu mwalimu wa chuo cha Kurani mwenyewe alikuwa anakula na kulamba vidole. Akasema basi hata mwalimu wenu ni haramu. Lakini debe kalipakia, nyuma, mbali na mbuzi wake, na kila tuliposimama alishuka mwenyewe kulimwagia maji gunia. Muungwana yule, sitaki ajue nimeandika hivi.

Mama yu hai. Amelala.

Alhamisi, 26 Machi, mchana

Giza la mwezi limeingia. Kaa ni wa maji baridi lakini wana nyama. Nimefanya kila kitu. Nimewachemsha wakiwa hai. Magando nimeyaweka kando. Magamba nimeyaponda kinuni, nikachuja kwa kanga safi, mara mbili, hadi maji yakawa mekundu. Tui la pili kwanza, tui la kwanza mwisho, la nazi niliyonunua Lodwar. Ukwaju, si ndimu. Sikuacha kukoroga hata kidogo. Nimeionja nikamwona bibi yangu.

Nikaimimina kwenye bakuli la Mama, la bati, la maua ya buluu, kitu pekee tulichotoka nacho Chula. Akalipokea kwa mikono miwili. Akafumba macho, akanusa kwa muda. Machozi yakamtoka. Nikajua tumepona.

Akaniuliza, hii ndiyo ya kwanza kuchota? Nikasema ndiyo, Mama, ya kwanza ni yako. Akaliweka chini.

Si yetu, akasema.

Nilipiga kelele. Nilimwambia kama anataka kufa afe, asinifanye mie kichaa. Mamangu mzazi! Radhi zake nilizitupa kama maji machafu. Nikanyakua bakuli, nikatoka, Akiru alikuwa anashusha kuni. Nikamsukumia kifuani, chukua, kaleni, chukua na bakuli! Akalipokea, akaondoka nalo.

Nimekaa nyuma ya nyumba. Siwezi kuingia.

Alhamisi, jioni

Mama aliniita. Nikaingia nikijua ananilaani.

Akauliza bakuli limekwenda wapi. Nikasema kwa Akiru. Akaomba nimkalishe. Akajifunga mtandio. Akakaa hivyo akitazama mlango, kama mtu anayengoja wageni. Nikadhani akili zinamhama.

Jua linazama Akiru akapiga hodi. Watoto wake wamemaliza hadi maganda, asema. Bakuli kalisugua kwa mchanga likang'aa, na ndani kajaza makoma. Makoma! Yale yale matunda magumu tuliyokuwa tunayaguguna utotoni. Kumbe mikoma imejaa kando ya ule mto wa mchanga na mimi sijawahi kuinua kichwa.

Mama akapokea. Akachukua koma moja, akaligeuza, akalinusa. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mwenye nyumba: haya, tia supu.

Nikaipasha iliyobaki. Amekula. Amekula, ya Rabbi. Amevunja magando kwa meno yake machache, amefyonza, amejipaka hadi kidevuni. Akaomba tena.

Nilijua. Nimejua tangu sijaota meno. Kwetu mwenye chungu hatii mkono kabla bakuli la jirani halijatoka, na supu ya kaa ndiyo hasa, harufu yake haina siri, aliyeisikia ana haki nayo. Mie nilidhani hiyo ni adabu ya wenye navyo. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, Mama, wiki zote hizi? Akasema jiko ni lako, ulishakataza. Mimi nikudharau kwenye jiko lako? Lakini tonge halikushuka, mwanangu. Nilijaribu.

Nimembusu miguu. Akaniambia niache, namtekenya.

Jumapili, 29 Machi

Mvua kidogo usiku, vumbi limelala. Bomba limetoa maji.

Leo ni maharage, hakuna kingine. Mama kayaonja chumvi mwenyewe, kakaa kwenye kigoda, kanifukuza mbele ya moto. Bangili nimemrudishia. Kaifunga uzi isiteleze.

Nimechota bakuli la kwanza nikampelekea Nyandeng. Alisimama mlangoni amelishika kwa mikono miwili. Niliporudi Mama alikuwa hajagusa sahani. Aliniuliza, kapokea? Nikasema kapokea. Akasema bismillahi.

Bakuli bado liko huko, litarudi atakapopata cha kutia. Hatuna haraka nalo.