Ndege wa Jumapili na Cherehani ya Ng'ambo

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea ya mkono tu, maana sijui kama ningekutana nawe leo ningekuamkia au ningekupita kama mtu nisiyemjua.

Jumapili hii nilikuwa bondeni, kule Msimbazi unapoingia kwenye mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, tope liko wazi, na ndege wale wadogo, kitwitwi, walikuwa wengi kama ulivyozoea kuniambia: Desemba na Januari, kwao Ulaya ni baridi kali, wanakuja kwetu kuota jua. Nilikwenda na mama. Usishangae. Mama yuleyule aliyekataa miaka yote kufika pale kwa ajili ya harufu, safari hii ni yeye aliyeniambia nimpeleke. Ilikuwa siku ya kwanza baada ya kutoka eda yako.

Darubini tulikwenda nayo. Unakumbuka ulivyoipata? Mchikichini, belo la makoti ya baridi limefunguliwa, ukaingiza mkono kwenye mfuko wa koti moja zito ukaigusa. Ukanyamaza, ukapatana bei ya koti. Koti likaishia kutandikwa kwenye kochi, darubini ukanivika shingoni. Nilikuwa na miaka minane, na nilijiona nimevishwa cheo.

Pale Kariakoo, kwenye karakana yenu ya kutengeneza cherehani, walikucheka sana.

"Mzee wa ndege, jana umekula wangapi?"

"Hawa hawaliwi," ulijibu huku unapuliza vumbi kwenye mashine ya mtu. "Hawa wanatazamwa tu."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu yako, na nilikuona una akili kuliko watu wote wa mtaa ule.

Kila Jumapili maji yakipwa tulikwenda, wewe na begi lako la spana begani. Sikuwahi kujiuliza begi la nini. Fundi wa Kariakoo haachi vifaa vyake nyumbani hata akienda harusini. Tulifika kwenye kile kibao kikubwa cha bati kinachokataza watu kukata mikoko, kile chenye miguu mifupi, na ulinikalisha mbele yake, uso ukielekea tope, kwenye kivuli. Mlinzi wa mikoko alikuwa hatua chache, ulimwachia sigara mbili anitupie jicho.

"Kaa hapahapa, usinyanyuke," ulisema. "Ndege anamwogopa mtu aliyesimama. Ukikaa anakuona jiwe."

Ulinifundisha majina. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Yangeyange, ambaye kila siku ulisema ametoka kuswali Ijumaa kwa weupe wake. Na kitwitwi, wale wadogo, ambao wewe uliwaita mafundi kwa sababu midomo yao ilipiga tope kama sindano ya mashine, hawapumziki. Nilicheka kila mara kama ndiyo kwanza nasikia. Halafu, tukishakaa kidogo, ulijipangusa suruali.

"Naenda mara moja. Kuna mama mmoja hapo nyuma, cherehani yake inakata uzi. Ila mama yako usimwambie, atasema hata Jumapili sipumziki. Wewe hesabu ndege, nikirudi unipe hesabu."

Nilihesabu, baba. Jua lilihama kutoka bega moja mpaka la pili nami nahesabu. Nilibanwa na mkojo nikahesabu. Ulirudi ukinukia udi kidogo, umeshiba, na ulinisifu mbele ya mlinzi kwamba nina macho ya mwewe.

Jioni mama alitupokea na chai ya tangawizi na vitumbua. Hakujua ndege hata mmoja kwa jina kabla yetu, lakini alikaa chini kabisa kuuliza, "Haya, mmeona nini leo?" Nami nilimwaga yote: sululu wanne, yangeyange saba, mafundi sina idadi. Wewe ulikunywa chai yako. Mama aliwaambia wanawake wa uani, nami nikisikia, "Wenzenu waume zao Jumapili hawajulikani walipo. Wangu yuko na mwanawe, wanatazama ndege." Alilisema hilo kwa majivuno, na mama si mtu wa majivuno.

Ilipofika kipupwe na ndege wengi wamerudi kwao, mama aliuliza kama bado kuna cha kutazama. Ulisema wako wachache wasiorudi, wamepazoea huku. Nililisoma baadaye, ni kweli wapo. Hata uongo wako uliuchagulia ndege wa kweli.

Miaka sita tulikwenda hivyo, mpaka nilipopelekwa shule ya bweni. Sasa nakuuliza, wewe uliyesifika Kariakoo nzima kwamba mashine ikishapita mkononi mwako hairudi tena: cherehani gani hiyo inakata uzi miaka sita?

Siku ya tatu ya msiba wako alikuja mzee mmoja wa msikitini, mtu mpole, hakujua amebeba nini. Alikaa mlangoni, akampa mama pole, akasema, "Na mwenzako ametuma salamu. Naye yuko eda, hawezi kutoka. Anasema Mungu akupe subira." Mama akauliza mwenzangu nani. Mzee akababaika, akataja nyumba yenye madirisha ya kijani, pale nyuma ya kibao cha mikoko, panapotazamwa ndege. Akamtaja na binti yenu, mkubwa tu, anafundisha shule.

Mama hakulia. Aligeuka akaniangalia.

"Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na jibu moja tu la kweli, nalo lilikuwa hapana. Lakini palepale nikakumbuka ule uzi unaokatika na lile usimwambie mama yako, nikasita. Nilisita muda wa kumeza mate tu. Nilipokuja kusema hapana, mama alikuwa ameshaangalia pembeni.

Miezi minne na siku kumi, baba, nimekaa na mama ndani ya nyumba moja, namchotea maji, nampikia, namfulia nguo zake nyeupe za eda, naye akiniita Zuhura. Wewe unajua hajawahi kuniita Zuhura. Tangu nizaliwe ni mwanangu, hata akinigombeza ni mwanangu. Nilijaribu kumweleza mara mbili. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza karani wa ofisini, kisha akaniomba nimfungie dirisha. Nilimwelewa. Kila Jumapili nilimletea ushahidi wako, kwa idadi na kwa majina. Ningekuwa yeye, nami nisingeniamini.

Kinachonikera si mke wa pili. Dini ilikupa ruhusa, mama angelia wiki mbili, angenuna mwaka, kisha mngepangiana siku kama watu wengine wanavyopangiana. Ungeingia nyumba zote mbili kwa mlango wa mbele. Halali yako mwenyewe uliiendea kwa kunyata, na ukachukua mtoto wa miaka minane akutangulie.

Basi Jumapili hii mama alivaa baibui, akachukua darubini yeye mwenyewe kabatini, akasema, "Zuhura, nipeleke kwa hao ndege." Pale kibao bado kipo, kimeshika kutu, maandishi yamebaki nusu.

"Alikuwa anakuacha wapi?"

Nikamwonyesha. Mama, na magoti yake yale, akashika ukingo wa bati akajishusha mpaka chini, akakaa hasa pale nilipokuwa nakaa. Nikataka kumsaidia akanizuia kwa mkono. Alitazama tope. Mafundi walikuwepo, wanapiga sindano zao. Kisha akageuza shingo nyuma, upande wa nyumba, na uso wake ukakutana na bati. Akageukia bega la pili. Bati. Akajaribu kuinama, kujivuta kando, akarudi katikati. Aliweka kiganja juu ya kile kibao akakiacha hapo kwa muda.

"Alikwambia usisimame?"

"Alisema ndege wataogopa."

Mama akaninyooshea mkono nikamwinua. Alipokuwa wima akageuka, na kwa juu ya ukingo wa kibao nyumba ilikuwa pale pale mbele yetu, madirisha ya kijani, karibu kiasi cha kusikia sufuria. Barazani alikuwepo mwanamke mnene mwenye mtandio, ameinama kwenye cherehani ya miguu. Mama alipandisha darubini. Hajawahi kuitumia, lakini aliishika vizuri. Alitazama muda mrefu kuliko mimi nilivyowahi kumtazama ndege yeyote.

"Inashona," alisema. "Uzi haukatiki."

Akaishusha, akaifuta vioo kwa ncha ya baibui, akanivika shingoni.

"Twende nyumbani, mwanangu."

Nililia pale mbele ya mlinzi mpya, kijana wa watu akageuka kutazama mikoko. Mama hakunibembeleza, alinisubiri tu. Njiani aliniuliza yule mweupe anaitwa nani, nikamwambia yangeyange, na sehemu ile ya kuswali Ijumaa sikuitaja.

Kwa hiyo mama ameniamini, na nataka ujue haikuwa kwa msaada wako. Miaka yote tangu nitoke bweni mpaka ukafa ulikuwa na nafasi ya kuniita pembeni, ukaniacha niendelee kusimulia zile Jumapili kwenye sikukuu, mbele ya watu, kama utoto mzuri niliokuwa nao. Ulikaa ukinisikiliza. Uliwahi hata kunisahihisha idadi ya sululu.

Nilijaribu pale bondeni kuwatazama kitwitwi peke yao, bila wewe. Sikuweza. Kila nikiwaangalia najikuta narefusha shingo nione nyuma ya kibao kuna nini. Ulikuwa fundi wa vipimo, baba. Lazima siku moja ulifika pale kabla yangu, ukachuchumaa mwenyewe mpaka kimo cha mtoto wa miaka minane, ukageuza kichwa, ukahakikisha haonekani mtu.

Ijumaa nitakusomea Yasini kama kawaida. Ni haki yako, sikunyimi. Nitakusomea nikiwa nimesimama.

Mwanao,
shahidi wako wa Jumapili