Redio namba nne ilipoamka

Shoga, mwanao asianze ile kazi ya redio Jumatatu kabla hujasoma hii.

Si unajua binti yangu hutengeneza ile programu ya kompyuta inayounganisha redio sita za kunasa mawasiliano, zilizofungwa mitaani. Leo asubuhi namba nne ilikuwa bubu.

Akachukua redio ya mkononi aijaribu. Desturi yao ni kutaja ulipo. Akasema, "Namba nne, unanipata? Niko chumba cha juu, nyuma ya gereji. Tunawasikia wote humu."

Wote, shoga. Kumbe wezi wa magari nao wanaongea kwa masafa hayo hayo, wakamsikia.

Hata chai haijapoa, mlango ukapigwa teke. Wanaume watatu wenye nondo. Fundi mwenzake, yule Kipara mwenye utani, akawauliza, "Wakubwa, mmepotea njia?" Wakamvunja mkono palepale, akazimia. Damu mpaka kwenye kompyuta. "Yuko wapi huyo mwenye mdomo?"

Mwenye mdomo, binti yangu, yuko chini ya meza, anajiuma kiganja asilie.

Ndipo namba nne ikaamka. Kwenye visikilizi vya shingoni akamsikia mwenzao wa nje: "Huku nyuma hakuna mtu, nazunguka mbele nipande."

Akajua nyuma hakulindwi tena, akaruka dirisha la nyuma, peku.

Kipara kazinduka hospitali, anauliza, "Namba nne imepona?"

Mwambie mwanao akijaribu redio ahesabu moja mbili tatu, basi. Wangu kajikunyata hapa, ananiona naandika. Kaninong'oneza, "Mama, usimwambie mtu nilipo."

Kwa hiyo usiniulize.