Insha ya Tatu

Shamba la Ngano, Hanang
9 Machi 1986

Dada Fransiska,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba mmeamka salama, na kwamba magoti ya baba yamepata nafuu. Mimi ni mzima. Huku tunapanda. Matrekta yanaanza alfajiri na vumbi limefika hadi kwenye chai.

Nina habari. Shamba limepeleka jina langu kwa watu wa chuo kimoja cha biashara huko Kanada. Tumependekezwa kumi na wanane nchi nzima na watachukua wanne. Miaka miwili, masomo ya uongozi wa biashara. Karani wa magari kama mimi, dada. Hata sasa nikisoma ile barua naangalia tena jina.

Kwanza wanataka insha tatu, halafu usaili mbele ya jopo mjini Arusha. Insha ya kwanza inauliza mimi ni nani na kwa nini nataka kusoma biashara. Ya pili, mtu aliyenifundisha kuongoza. Ya tatu, kosa nililofanya kazini na nilichojifunza. Zote zinatakiwa kufika kabla ya tarehe 30 Mei.

Nimeziandika na ninakutumia. Zisahihishe kwa ile kalamu yako nyekundu kama ulivyofanya tangu darasa la tatu. Ya pili inakuhusu wewe. Nimeeleza kwamba mama alipofariki ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukanichukua nikiwa na saba, na kwamba ndiwe uliyeandika barua zote za kuniombea kazi hii. Usicheke ukisoma.

Nisalimie baba.

Mdogo wako,
Theodory

*

Dongobesh
23 Machi 1986

Mdogo wangu Theo,

Marahaba. Tumeamka. Baba anatembea hadi zizini na kurudi, halafu analalamika kama aliyetoka Haydom kwa miguu. Nimemsomea barua yako mara mbili. Aliuliza kama Kanada kuna ng'ombe. Nikasema wapo. Akasema basi, aende.

Insha ya kwanza ni nzuri, ila umetumia neno "maendeleo" mara tisa. Nimekuachia mawili. Ya pili sikuisahihisha sana. Sikuweza kuweka alama kwenye habari zangu mwenyewe. Mwalimu Ludovika amenisaidia, akasema umenifanya mtakatifu na kwamba angependa kukutana na huyo mwanamke.

Ya tatu haifai. Umeandika kwamba ulikosea kuhesabu magunia ukakaa hadi jioni kusahihisha. Hilo si kosa, Theo. Hayo ni majivuno yaliyovaa nguo za kosa. Mimi nasoma insha za watoto miaka kumi na tano sasa, na mtoto anayeficha kitu namjua kwenye mstari wa pili. Hao wazungu nao watakujua. Andika kosa la kweli, lile ambalo ukilikumbuka unaacha kula. Ndilo watakaloliamini.

Kwa usaili, fanya mazoezi na mtu. Mwambie akuulize maswali na usimwambie mapema utajibu nini. Usitazame viatu vyako. Tai ya marehemu mjomba iko hapa, nitaituma kwa utingo wa basi.

Mwezi wa pili nilikwenda Masakta, kule tulikokuwa tukiishi, kupalilia kaburi la mwanangu Philomena. Majani yalikuwa yamefika magotini. Nilikuwa peke yangu. Baba yake, Basili, hajafika huko tangu aniache na kuhamia Babati, au kama amefika sikuona dalili. Philomena angefikisha miaka mitano mwezi uliopita, angekuwa ananisumbua apelekwe shule.

Dada yako,
Fransiska

*

Shamba la Ngano, Hanang
13 Aprili 1986

Dada,

Shikamoo. Tai imefika. Natumaini baba hajambo na wewe hujambo.

Nimefanya mazoezi na Yoakimu, dereva wa lori. Alivaa miwani ya kuchomelea vyuma, akakaa juu ya magunia ya mbegu na kusema yeye ni profesa. Mafundi wote wa karakana walikuja kutazama. Aliniuliza nina wake wangapi na kama nitarudi na theluji kwenye chupa. Tulicheka. Kisha akavua miwani na kuniuliza swali moja ambalo halikuwa la mchezo, la siku moja tunayoijua mimi na yeye. Jibu nimeliandika kwenye insha ya tatu, na naiweka hapa kwa Kiswahili kabla sijaitia kwenye Kiingereza.

*Mwaka 1983 nilikuwa na miezi sita kazini. Hakuna gari lililoruhusiwa kutoka shambani bila kibali kilichosainiwa na meneja. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kutoa lori kwenda msibani. Wakati wa mavuno meneja hukaa mashambani kutwa, kwa hiyo alikuwa akisaini vibali vichache mapema kwa ajili ya magari ya ngano na kuniachia nijaze safari.*

*Tarehe 14 Julai, asubuhi, baba mmoja alikuja getini. Mtoto wake alikuwa na homa na degedege, na mama yake alikuwa akisubiri naye barabarani. Aliomba gari la kwenda hospitali ya Haydom. Nilimwambia hakuna gari na meneja hayupo. Meneja kweli hakuwepo. Lakini lori lilikuwa uani, lina mafuta, na dereva alikuwa amekaa ndani yake. Kwenye droo yangu kulikuwa na vibali vitatu vilivyosainiwa. Nilivitazama. Niliogopa kufukuzwa.*

*Walisubiri basi kama saa moja. Mtoto mmoja alifariki njiani. Nilijifunza kwamba kanuni haipaswi kuwa kubwa kuliko mtu.*

Sikuweka majina. Usiisome mbele ya watoto.

Mdogo wako,
Theodory

*

Shamba la Ngano, Hanang
11 Mei 1986

Dada,

Shikamoo. Ni wiki nne sasa. Utingo anasema barua alikukabidhi mwenyewe mkononi, ukiwa umesimama mlangoni pa darasa. Kila basi likipita natoka ofisini.

Sitauliza kuhusu insha. Naomba tu kujua kama mko wazima.

Mdogo wako,
Theodory

*

Dongobesh
18 Mei 1986

Theodory,

Baba ni mzima. Sijamwambia.

Insha imesahihishwa, nimeiweka humu. Nakueleza nilipobadilisha ili usidhani ni hasira.

Umeandika "kama saa moja". Tulifika barabarani saa tatu na nusu. Basi lilikuja saa nane kasoro dakika kumi. Nilikuwa na saa mkononi na niliitazama muda wote. Nimeandika saa nne na dakika ishirini.

Umeandika "njiani". Ilikuwa saa tisa na robo. Mabati ya hospitali tulikuwa tunayaona. Lori lingetufikisha kabla ya saa sita.

Umeandika "baba mmoja" na "mtoto mmoja". Nimekata. Nimeandika "Basili, shemeji yangu" na "Philomena, mtoto wa dada yangu, miaka miwili na miezi mitano".

Umeandika kwamba ulijifunza kuhusu kanuni. Hapo nimeweka mstari tu. Hukuogopa kanuni. Uliogopa kurudi nyumbani bila kazi na kunitazama usoni, kwa sababu ya zile barua nilizokuombea. Hilo mimi najua, nilikulea.

Sasa jambo ambalo hulijui. Siku ile nilisimamia mtihani wa majaribio wa darasa la saba hadi saa tatu. Philomena alikuwa na joto tangu alfajiri, nikasema nitamaliza mtihani kwanza. Daktari alituambia tungefika mapema kidogo pengine angepona. Basili alinyamaza mwezi mzima tuliokaa ndani kwa desturi ya msiba. Siku tuliyotoka akasema, "Wewe na mtihani wako." Hakurudia tena, na hakuhitaji. Mwaka uliofuata akaondoka. Sikumzuia, kwa sababu niliona ana haki. Miaka mitatu, Theodory, kila nikigawa karatasi za mtihani mikono yangu inatetemeka, na watoto wanadhani ninaumwa.

Wewe unajua desturi yetu. Nyumba yenye msiba wa namna ile, jirani hapokei moto kutoka kwake wala hali chakula chake mpaka muda wake upite. Hata walokole wa Masakta walipitia mbali. Wewe peke yako uliingia. Ulikaa ukanywa uji kwenye kikombe chetu. Nilimwambia Basili, tazama, huyu ananipenda. Nimelitegemea lile tendo hadi leo. Sasa nikilikumbuka sijui ulikuwa unakunywa nini.

Insha ni nzuri. Ni ya kweli na itawafaa. Ipeleke. Ila nakala moja mpelekee Basili kwa mkono wako. Ana karakana ya useremala karibu na stendi ya Babati. Siahidi kitu ukifanya hivyo.

Mama Philomena

*

Shamba la Ngano, Hanang
25 Mei 1986

Dada,

Shikamoo.

Nilitaka kuichana. Nilitaka kuandika ya magunia na kuipeleka hiyo. Yoakimu, ambaye ndiye aliyekuwa ndani ya lori siku ile, aliniambia kwa kunyamaza nimeshaichana mara moja, miaka mitatu iliyopita, na akaenda zake kujaza mafuta. Nimeipeleka kama ulivyoisahihisha.

Nilipokuandikia nilijua utaitambua. Nilitaka ujue bila mimi kukuambia. Hata hilo nililifanya kwenye karatasi ya kuombea chuo.

Habari ya mtihani sikuijua. Nilidhani Basili aliondoka kwa sababu ya huzuni. Laiti ningejua. Hapana, nafuta hilo neno. Hata ningejua, nisingesema.

Nimekwenda Babati jana. Basili alisoma akiwa amesimama, randa mkononi. Aliuliza kama umeshaisoma. Nikasema ndiyo. Akaisoma tena. Kisha akasema, "Nilimwambia mwanamke yule neno moja tu la kumlaumu maishani, na lilikuwa la uongo." Akaniambia niondoke kwa sababu ana mlango wa kumaliza. Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa.

Dada, niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Theodory

*

Shamba la Ngano, Hanang
17 Agosti 1986

Dada,

Shikamoo. Natumaini baba hajambo. Nimesikia kwa utingo kwamba mmevuna maharage vizuri.

Usaili ulifanyika Arusha tarehe 29 Julai. Walikuwa watatu. Sikutazama viatu vyangu. Waliuliza kuhusu ghala na magari, nikajibu. Halafu yule mama aliyekaa katikati akafungua insha ya tatu, akasema ndiyo iliyowafanya waniite. Akauliza, "Baada ya siku ile ulimwambia nani?" Nikasema sikumwambia mtu kwa miaka mitatu, na kwamba mama wa mtoto aliijua kwa kuisahihisha. Kisha mmoja akaandika kitu kwenye karatasi yake, na kwa jinsi alivyoitikia kwa kichwa nikajua ni alama nzuri.

Nimechaguliwa. Naondoka tarehe 3 Septemba. Nimekaa na barua yao siku nne kabla ya kukuandikia, kwa sababu nafasi hii nimeipata kwa Philomena, na hakuna mwingine wa kumwambia hivyo.

Naomba nije Jumamosi ya tarehe 30 kukuaga wewe na baba. Nitakuja asubuhi na kuondoka mchana. Ukisema nikae nje nitakaa nje.

Mdogo wako,
Theodory

*

Dongobesh
24 Agosti 1986

Theodory,

Baba hajambo. Njoo umuage. Jumamosi hiyo mimi nitakuwa Masakta. Utamkuta Ludovika, atakupa chai na sweta. Nililianza kulifuma mwezi wa tatu, kabla ya barua yako. Mkono mmoja ni mfupi kidogo, nimeumalizia haraka.

Basili alikuja hapa mwezi wa saba. Alikaa barazani. Aliniomba radhi kwa lile neno, nikampa chai, akanywa. Ana mke na watoto wawili, kwa hiyo hakuna la zaidi. Tarehe 30 tutakutana kaburini tupalilie pamoja. Itakuwa mara ya kwanza tangu tumzike. Ndiyo sababu sitakuwepo, ingawa hata ningekuwepo sijui kama ningetoka ndani.

Wiki iliyopita niligawa karatasi za majaribio kwa darasa la saba. Mikono haikutetemeka. Hilo ni kwa sababu yako, pande zote mbili, kutetemeka na kuacha, na nimeshindwa kulijumlisha.

Ulikuwa mtoto wangu wa kwanza. Nilikufundisha kuandika ukiwa umekaa miguuni pangu, ukiandika kwa kijiti kwenye majivu. Sijui nilikosea wapi katika kukufundisha, na siku hizi nalitafuta hilo kuliko ninavyolitafuta kosa lako.

Usiniandikie kutoka huko mpaka nianze mimi. Soma vizuri. Watakupa insha nyingi. Tafuta mtu mwingine wa kukusahihishia.

Mama Philomena