Gari la Drili la Lembeni

Mama, shikamoo. Huku Lembeni jua kali na petroli hakuna, lakini jana nimepanda gari la umeme! Fundi Elinihaki kaliunda mwenyewe kwa magurudumu ya baiskeli na drili ya mtumba aliyoiunga kwenye betri ya lori. Linakwenda mradi amebana swichi ya drili. Basi kila tukikutana na mzee, anaiachia ili amsalimie kwa mikono miwili, na gari linasimama. Nikamwambia aifunge kwa kamba. Akanishangaa: "Halafu wazee niwapite hivihivi?"

Nimemkubali, Mama, kwa akili na kwa adabu.

Nifikishie shikamoo kwa Babu. Siku ya safari nilimpita mbio, nikiwahi basi.

Mwanao akupendaye,
Neema