Mahari Pangu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimemaliza riwaya ya Yusta Kalinga kwa mara ya nne! Nimeisomea hapa hapa mashineni Rujewa, nimekaa juu ya viroba vya pumba, kurasa zote vumbi. Pale binti anapomwambia baba yake "sitaki", nimelia tena. Bosi wetu, mzee Rabson, akauliza nimefiwa na nani. Nikasema na mtu wa kwenye kitabu. Akaguna, akaniambia nikoboe mpunga.

Bila huyu Mama Kalinga nisingeshika kalamu. Nilidhani vitabu vinaandikwa na watu wa huko mbali — kumbe hata wa Kihesa, Iringa!

Jumanne, 3 Juni
Jamani! Wifi Jackline kaleta habari: Jumamosi Mama Kalinga anakutana na wasomaji wake Kihesa, ukumbi wa kanisa. Naenda. Na hadithi yangu naenda nayo. Asome, aniambie kama naweza, au nibaki na mpunga wangu.

Jumatano, 4 Juni
Wifi ni mwalimu, nikampa daftari akague. Nilijuta! Kacheka mpaka kanga ikamdondoka. Eti kila penye "mahali" nimeandika "mahari". "Walitafuta mahari pa kulala." Akauliza, walilala juu ya ng'ombe? Sisi huku r na l mdomoni ni kitu kimoja, sasa zimenifuata mpaka kwenye daftari. Nikanuna. Halafu nikacheka na mimi. Nimesahihisha kumi na moja. Zote.

Jumamosi, 7 Juni
Iringa. Baridi hiyo! Naandika nikiwa ukumbini, benchi la nyuma. Mama Kalinga mfupi, sweta la kijani, kicheko kikubwa. Nilipomfikia nikasahau yote niliyopanga. Nikamsalimia "Kamwene" tu, nikampa daftari kwa mikono miwili. Akaitika, akasema, kaa mwanangu, nasoma sasa hivi.

Na anasoma kweli! Chai yake inapoa. Yuko ukurasa wa mwisho: mama wa kwenye hadithi yangu anafika Usangu kwa mume asiye chaguo lake, ng'ombe saba walishapelekwa kwa baba yake. Anatazama majaruba ya mpunga, anasema, hapa ndipo mahali pangu.

Kaniita! Nimekwenda, nimerudi na daftari langu. Kanionyesha kwa kidole: "Hapa ndipo mahari pangu." Nimesahau moja! Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye hakucheka. Kauliza polepole, Faustina, hapa umekosea au umekusudia? Maana hadithi yote iko kwenye hili neno.

Nimeomba dakika moja. Nimelisoma tena. Wale ng'ombe, na pale alipopelekwa — vyote viwili kwenye neno moja! Mimi nimeandika hivi? Mimi!

Ananisubiri. Watu wamegeuka wote. Kalamu nyekundu ya wifi ninayo mkononi.

Nilikosea, mama — ila sifuti. Haya, nainuka —