Pumzi za Alhamisi

Alhamisi, 8 Januari
Viti nje tena. Tangu twarika ifike huku viwanja vipya, sebule yangu si yangu. Khalifa, kiongozi wao, alikuja kutoka pwani akitafuta nyumba ya kuanzishia zikri, na mume wangu, Baba Zuhura, akanyoosha mkono bila kuniuliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sijapona. Mikeka mimi, kahawa mimi, vikombe mimi.

Baada ya Isha wakaanza ile ya kuvuta pumzi toka kifuani. Hu! Hu! Mara madebe yakalia mtaa mzima. Majirani walidhani ndovu wametoka mbugani. Mama Wakesho wa hapa ubavuni alitoka na sufuria na mwiko, leso kaifunga ndani nje. Aibu iliyoje.

Ijumaa, 9 Januari
Nimepita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba ile ni ibada. Mimi, si khalifa. Mama Wakesho alicheka mpaka akakaa chini. Kwao kanisani wanaimba, sisi tunapumua! Tumekubaliana: Alhamisi wakisikia, walale tu. Huyu ndiye aliyetugawia maji tulipohamia, bomba halijafika. Simpotezi kwa ajili ya zikri.

Ijumaa, 23 Januari
Jana ndovu alikuja kweli. Zikri imepamba moto, nani angemsikia? Mama Wakesho alisikia pumzi nyuma ya nyumba, akasema ni wale wa Baba Zuhura, akajigeuza kitandani. Asubuhi shamba lake jeupe. Mahindi yalikuwa yameshabeba.

Nilimsalimia. Akanipa mgongo.

Khalifa anasema ni mtihani. Wa nani? Mahindi si yake. Nimemwambia mume wangu: twarika itoke, au nitoke mimi.

Jumamosi, 24 Januari
Khalifa na mume wangu wameenda kumwomba radhi Mama Wakesho, na gunia la mahindi. Kalipokea, kafunga mlango. Zikri inahamia msikitini, Kaloleni, mjini. Nimepata nilichotaka, na bado nina hasira.

Alhamisi, 29 Januari
Viti ndani. Mume wangu kaenda mjini na wenziwe. Nyumba kimya. Nimekaa kiti hiki, nikahamia kile.

Mama Wakesho kaita kutoka uani.

"Mama Zuhura, leo hampumui?"

Nikamwambia wamehama.

"Warudi tu. Lakini wakimaliza unipigie simu, nijue chenye bado kinapumua si bwanako."

Nimecheka, kisha nimelia kidogo. Nimeosha vikombe vya kahawa. Vilikuwa safi.